Panya wa Daktari Lamara

Jumatatu, 3 Januari 1994

Daktari Lamara kanipa madaftari mawili. Moja la panya. Hili la pili akasema ni langu, niandike nitakacho. Nitaandika nini mimi? Nimesoma mpaka darasa la sita, halafu nikashika koleo. Lakini mke wangu Venera hayupo tena wa kuongea naye. Mwaka wa pili sasa. Basi naandika.

Leo mtungi umekauka. Ule mkubwa wa naitrojeni, unaotoa moshi wa baridi ukiufungua. Gari la kiwandani halijaja tangu Novemba. Daktari kafungua kifuniko — moshi hakuna. Kaingiza kijiti, kijiti kikatoka kikavu. Akakaa chini kwenye sakafu, na koti lake jeupe.

Kasema, miaka minane. Seli zake zote zilikuwa humo, zimegandishwa.

Zilizobaki hai ni zile zilizo matumboni mwa panya. Panya wanne tu.

Jumanne, 4 Januari

Nimewaleta nyumbani. Kule kazini, taasisi, wangekufa, maji yao ya kunywa yameganda kwenye chupa. Kwa Daktari ni ghorofa ya tano na kila kitu ni cha umeme, na umeme haupo. Kwangu kuna jiko la kuni, bomba nimelitoa dirishani. Wanne wenye seli na kumi wadogo, watupu. Nimewabeba kwenye ndoo, nikaifunika na shali ya Venera, kwa miguu mpaka hapa.

Murtazi wa getini kaniuliza, "Mzee Silovani, umebeba nini, nyama?"

"Panya."

"Chumvi unayo?"

Mpumbavu. Nilicheka lakini.

Miaka ishirini nalisha panya na sijawahi kuuliza wa nini. Leo nimeuliza. Daktari kaeleza polepole kama anaongea na mtoto, sikukasirika. Iko hivi. Fagi ni kidudu kinachokula vijidudu vya ugonjwa. Sisi tunatengeneza fagi wa kuhara, tunatengeneza fagi wa vidonda, tunawatia kwenye chupa. Kwa macho wote ni maji ya manjano, huwezi kuwatofautisha. Sasa zile seli zikikaa tumboni mwa panya zinazaana, tumbo linajaa maji, na ndani ya maji hayo kuna kinga. Kinga hiyo inashika kitu kimoja tu duniani. Ganda la fagi wa vidonda. Unaweka tone la chupa kwenye karatasi, unamwagia kinga, unaosha, unamwagia maji mengine ya Daktari. Pakigeuka kahawia, ndiye. Pasipogeuka, siye.

Kabla ya vita walikuwa wanahakikisha kwa njia nyingine, kwenye sahani, ndani ya kabati la joto. Sasa kabati halina joto, na agari, ile jeli ya kumwaga kwenye sahani, imeisha tangu Oktoba. Kwa hiyo ni panya.

Kila siku kumi, kumi na moja, seli zihamishwe. Sindano kwenye tumbo lililojaa, unavuta, unamchoma panya mpya. Ukichelewa panya anakufa. Na panya akishapoa, seli zimekwisha.

Jumatano, 5 Januari

Daktari kaja, kahamisha mwenyewe. Tone dogo dogo, kwa panya watatu wapya. Mkono wake hautetemeki kabisa. Wale wanne kawalaza. Mimi nimewazika uani, ardhi ngumu kama chuma, nilitumia shoka.

Ijumaa, 7 Januari

Krismasi yetu, ya kalenda ya zamani. Nargiza kaja na sufuria ya maharage na mkate nusu. Binti yangu huyu kakonda. Mumewe yuko Urusi anatafuta kazi, barua hakuna. Tulikaa karibu na jiko. Hatukuzungumza juu ya mama yake, tulimtazama tu pichani, pale ukutani.

Jirani Zhuzhuna kaingia bila kubisha, kama kawaida yake. Kawaona panya.

"Yesu wangu! Silovani! Watu wanapanga foleni ya mkate toka alfajiri, wewe unafuga panya?"

Nikamwambia ni wa kazi.

"Na huyu mnene ana mimba!"

"Hana mimba. Ni dume."

Akamtazama panya, akanitazama mimi. Akasema kweli mwaka huu tutaona yote. Nargiza alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Jumatano, 12 Januari

Jiko la mafuta limemlipukia Nargiza. Jana asubuhi. Wale wauzaji barabarani wanachanganya mafuta ya taa na petroli, shetani awachukue! Aliwasha, likaruka. Mguu wa kushoto, kutoka goti mpaka kwenye kisigino. Majirani walimzima kwa zulia.

Nimekaa hospitali mpaka walipofunga milango. Kuni unaleta mwenyewe. Bendeji unaleta mwenyewe. Nimechana shuka mbili.

Kaniambia, "Baba, usinikazie macho hivyo. Ni mguu tu."

Ijumaa, 14 Januari

Daktari Lamara kateleza kwenye ngazi za nyumba yao. Barafu. Kavunjika kiganja cha mkono wa kulia, plasta mpaka kwenye kiwiko. Katuma mtu kunipa habari: Jumapili utahamisha wewe.

Jumapili, 16 Januari

Nimehamisha. Daktari alikaa kwenye kiti cha Venera, plasta kwenye mapaja, akawa ananielekeza. Chini zaidi. Sio hapo. Polepole, mzee, hujashika koleo.

Mara elfu nimepiga panya sindano. Lakini hizo mara elfu sikujua kilichomo ndani.

Maji yalikuwa haba, yote tukayapiga kwa watatu wapya. Kasema safari ijayo tuliache tumbo lijae kabisa, tupate ya kuhamisha na ya kazi. Tarehe ishirini na saba. Alhamisi. Karudia mara mbili: Alhamisi, sio Ijumaa. Likijaa hivyo halisubiri.

Nargiza ana homa.

Alhamisi, 20 Januari

Bomba limepasuka stoo ya chini. Taasisi nzima tulishuka na ndoo, na madaktari wazee, na mhasibu. Maji mpaka kwenye magoti, yana vipande vya barafu. Kreti za fagi zinaelea. Chupa tuliziokoa, mia tatu na kitu. Lebo hakuna hata moja. Karatasi zote zimebanduka, zinaelea juu kama majani. Na tulipokuwa tunazitoa tulizichanganya, nani angekumbuka kupanga? Za kuhara, za vidonda, na nyingine mchuzi mtupu, ule wa kukuzia vijidudu, usio na fagi. Zote pamoja.

Kuzipeleka juu kwenye chumba cha mwanga hatukuwa na nguvu. Tumezipanga korido ya chini, nyingine ukutani, nyingine katikati.

Murtazi kasema, "Si unakunywa tu, kitakachokuponya ndicho." Hakuna aliyecheka.

Panya mmoja kafa. Sijui kwa nini. Wa pili tumbo lake halijaota kitu, seli hazikukubali. Amebaki mmoja tu mwenye tumbo. Namba nne.

Jumapili, 23 Januari

Mpasuaji anaitwa Gocha, kijana lakini mvi zimeshamjaa. Kanivuta korido.

Kasema kidonda kimeingiliwa. Kile kijidudu cha usaha wa manjano. Dawa alizonazo zimeshindwa, nyingine hana, na za sokoni ni chaki. Kama nina njia ya kupata fagi wa vidonda, nilete. Mpaka mwisho wa mwezi atangoja. Akiona ugonjwa unapanda juu ya goti, hangoji.

"Hungoji, unafanya nini?" nikamuuliza. Nilijua. Nilitaka aseme.

"Kukata, mzee."

Fagi wa vidonda! Nimewabeba mwenyewe kwenye maji, Alhamisi. Wako kule korido, kwenye chupa, hatua mia kutoka chumba changu cha kazi. Na sijui ni ipi.

Jumatatu, 24 Januari

Nimekwenda kwa Daktari Lamara. Nilimwambia, nimmwagie yoyote. Kumi. Zote.

Kasema hapana. Nyingi ni mchuzi, na mchuzi kwenye kidonda kibichi ni kama kuwapikia hao vijidudu. Kasema mngoje namba nne. Alhamisi unavuta, Ijumaa tunapima, Jumamosi mwanao ana chupa. Kanishika bega kwa mkono mzima.

Mguu wa Nargiza umefika hapo: panya mmoja.

Namlisha mkate wangu, nimeuloweka. Namba nne anakula vizuri. Zhuzhuna kaleta punje za mahindi kwenye karatasi, kaweka, kaondoka.

Jumatano, 26 Januari

Nimekwenda kanisani. Sijaingia tangu tumzike Venera. Baridi kuliko nje. Wanawake wamejaa.

Kesho ni siku ya Mtakatifu Nino.

Zhuzhuna alinikuta kwenye mishumaa. Kasema, "Kesho usiguse shoka, Silovani. Wala sindano. Venera hakutia hata kifungo siku ya Nino, unakumbuka?"

Nakumbuka. Mwaka mmoja mama yake alishona siku hiyo, kaka yake akaanguka kwenye paa. Venera aliamini mpaka kufa. Mimi nilikuwa namcheka.

Leo sikucheka. Nilisimama mbele ya picha ya Nino nikasema: mimi sina cha kukupa. Kesho sitagusa sindano. Sitagusa kazi yoyote. Niachie mguu wa mtoto.

Nimeahidi. Imetoka mdomoni.

Alhamisi, 27 Januari

Namba nne tumbo kama mpira. Anahema haraka. Nywele zimesimama.

Sindano iko mezani, nimeichemsha toka jana. Sijaigusa.

Mchana nilinyanyuka mara tatu. Mara ya tatu niliishika ile bomba ya sindano, nikairudisha.

Ni saa chache tu. Kesho alfajiri. Kuna panya waliokaa siku kumi na mbili, kumi na tatu, nimewaona. Nimemsogeza karibu na jiko. Nimemwekea pamba.

Ijumaa, 28 Januari

Kafa.

Kapoa kabisa. Kajikunja kwenye pamba, macho wazi.

Nilimweka kwapani. Sijui kwa nini, nilifikiri labda. Nilikaa naye hivyo mpaka kukapambazuka.

Baadaye.

Nilikwenda kwa Daktari na panya ndani ya kofia. Ghorofa tano. Nilipofika juu sikuweza kuongea kwa pumzi. Nilimfunulia.

Kamgusa kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Kasema, "Toa maji. Haraka, kabla hajaoza."

"Kafa, Daktari."

"Seli ndizo zimekufa. Kinga haifi na panya. Imeshatengenezwa, iko humo kwenye maji. Vuta!"

Nilivuta kwenye meza yake ya jikoni, kati ya vikombe. Bomba moja na nusu. Yana damu kidogo. Kasema yanatosha chupa elfu.

Basi mguu bado! Nilikaa kwenye kiti. Kisha nikamwona yeye. Kageukia dirishani. Hakuna panya mwingine mwenye seli. Hakuna mtungi. Kinga ni hii bomba moja na nusu, ikiisha imeisha, haitatengenezwa tena na mtu yeyote. Miaka minane yake ilikufa kwenye pamba yangu.

Kauliza, bila kugeuka, "Jana kwa nini hukuvuta?"

Nilitaka kusema nilikuwa hospitali. Niliufungua mdomo kusema hivyo.

"Ilikuwa Mtakatifu Nino," nikasema.

Chini mtu alikuwa anapasua kuni.

"Mama yangu naye hakushika sindano siku ya Nino," akasema. "Na mimi nilipokutajia tarehe sikutazama kalenda ya kanisa. Mtu wa sayansi!"

Halafu kanionyesha mlango kwa kidevu. Sio kwa ubaya. Nilishuka.

Jumamosi, 29 Januari

Tumepima. Kutwa nzima.

Chumba cha mwanga, ghorofa ya pili. Mimi na Murtazi tumepandisha kreti zote toka asubuhi, mgongo umekatika. Nyingine chupa zimepasuka kwa barafu, hasa zilizokuwa ukutani. Zilizopona mia tatu na kumi na mbili.

Daktari kakata karatasi vipande virefu, kachora miraba kwa penseli kwa mkono wa kushoto, imepinda kama ya mtoto. Kila mraba namba, kila chupa namba. Mimi nilitia matone. Vidole vilikuwa havikunjiki, nilikuwa naviweka mdomoni, halafu chupa tano, halafu mdomoni tena.

Hatukuongea habari za jana. Aliongea kazi tu. Tone dogo. Osha. Ngoja. Osha tena.

Saa nane alimwaga maji ya mwisho. Tukasimama juu ya karatasi. Hakuna kitu. Nyeupe. Nikaona nimeua vyote viwili, seli na mguu.

Halafu namba kumi na tisa. Kitu kama alama ya chai. Halafu ishirini na tatu. Halafu pale chini, tatu kwa mpigo. Kahawia! Murtazi alipiga kelele, "Huyo! Huyo! Na huyo!" kama yuko uwanjani. Na mimi nilipiga kelele. Mzee mzima.

Thelathini na saba. Thelathini na saba ni za vidonda.

Daktari hakupiga kelele. Kaandika namba zote. Kaandika mara ya pili kwenye karatasi nyingine. Kisha kaniambia nikae.

Kasema, kinga inajua ganda tu. Haijui kilicho ndani ya ganda. Hizi chupa zimeganda, zimeyeyuka, zimeganda tena. Fagi aliyekufa naye ana ganda, na kinga inamshika vilevile, na karatasi inageuka kahawia vilevile.

"Kama yai," nikasema.

"Kama yai, mzee. Zima kwa nje."

Nikamuuliza tutajuaje. Kasema angekuwa na agari na kabati la joto, angenijibu kesho. Hana. Kinachobaki ni kidonda chenyewe. Ukimwagia, siku tatu utajua.

Nilimuuliza zipi bora, zilizokaa ukutani au za katikati. Kasema za katikati huenda. Lakini sisi wakati wa kupandisha tulizichanganya tena. Mimi na Murtazi. Hatukuambiwa! Hakuna aliyefikiri kutuambia.

Jumapili, 30 Januari

Nimepeleka kreti nzima hospitali, kwa kigari cha Zhuzhuna cha mkate. Kakataa nisukume peke yangu. Njia nzima ananiambia, polepole kwenye mashimo, wewe, hivyo sio viazi.

Gocha kafungua bendeji. Sitaandika nilichoona. Harufu niliijua.

Nargiza kanitania, "Baba, watu wanaleta wagonjwa wao supu, wewe umeniletea maji ya stoo." Midomo imekauka. Akasema, "Panya wako mwenye mimba kazaa?"

"Kazaa," nikasema.

"Wangapi?"

"Thelathini na saba."

Kacheka kidogo. Gocha alitoboa chupa namba kumi na tisa kwa bendeji ya juu, ishirini na tatu kwa ya chini, akalowesha, akafunga. Kidogo alimnywesha. Kaandika kwenye kadi. Jumatano anafungua. Siku tatu. Kisha atanipa jibu, anakata au hakati.

Jumatatu, 31 Januari

Homa iko palepale.

Kila baada ya saa nne nalowesha bendeji kwa juu. Chupa namba kumi na tisa inakaribia kuisha, ishirini na tatu pia.

Nimerudi nyumbani kulisha wale watupu. Wanne wamebaki. Wa nini sasa? Nimewalisha.

Jumanne, 1 Februari

Homa imeshuka kidogo asubuhi. Jioni imepanda.

Nesi kasema hiyo haina maana yoyote, isinipe furaha wala huzuni. Rahisi kusema.

Daktari Lamara kaja wodini. Sikumtegemea. Kupanda kote kule na plasta. Kakaa upande mmoja wa kitanda, mimi mwingine. Kamuuliza Nargiza anafanya kazi gani. Cherehani, kiwanda cha mashati, kimefungwa. Kasema yeye hawezi kushona hata kifungo, mumewe alikuwa anamshonea. Wakaongea habari za vifungo mimi nikiwepo.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilitaka kumwomba msamaha. Nimefanya mazoezi njia nzima, maneno manne matano. Nikasema, "Angalia barafu."

Kasema, "Ninaangalia."

Jumatano, 2 Februari

Naandika kwenye benchi, korido ya hospitali. Kalamu ni ya nesi.

Gocha kaingia saa nne. Kanitoa nje. Kasema mzazi haingii. Nikasema siku zote naingia. Kasema leo huingii.

Kwenye meza ya magurudumu wamepeleka mikasi, beseni, na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa. Sikuuliza. Ile kreti wameniachia mimi hapa miguuni.

Daktari Lamara amekaa kando yangu. Kaja na kalenda ya kanisa, ya mfukoni, sijui kaitoa wapi. Nikamuuliza leo ni nini. Kasema leo hakuna mtakatifu yeyote mkubwa. Tuko wenyewe.

Nasikia maji yanamwagwa. Bendeji imenata, wanailowesha. Nargiza hapigi kelele. Bora angepiga.

Mlango umefunguka, Gocha katoa kichwa tu. Glovu zina kitu, sio damu, sio usaha, sikuweza kuona vizuri.

Nikasema, "Je?"

"Sijakata."

"Unakata?"

"Sijui bado. Chini kumebaki vilevile. Juu, karibu na goti, kuna sehemu kama kiganja, safi. Nyekundu. Inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa mwili wake. Chupa mbili ulizomwagia zilikuwa ni zipi na zipi?"

"Kumi na tisa juu. Ishirini na tatu chini."

"Zilikaa pamoja?"

Nikamtazama Daktari Lamara. Kasema hatujui.

Gocha kasema, "Basi moja ina uhai na nyingine haina, au zote hazina. Nipe nyingine, namwagia chini, nampa mpaka kesho. Siku moja, mzee. Zaidi ya hapo nitakuwa namuua."

Kreti iko wazi mbele yangu. Thelathini na tano. Nimeinua moja, nimeiangalia kwenye dirisha. Manjano. Nimeinua ya pili. Manjano.

"Chagua wewe, Daktari," nikasema.

Kasema, "Kinga yangu imeshasema yote inayojua. Chagua wewe."

Gocha amenyoosha mkono, anangoja. Naweka kalamu, nachagua.